BARUA YA CHUO KIKUU NA MOYO WA ANAYEINGOJA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. 

Ijumaa mbili zilizopita, watu wakiwa bado wanatafuta viatu vyao mlangoni, kijana mmoja alinivuta kando akaniambia: "Maalimu, mimi silali. Nimetuma dosie yangu Madina, miezi imepita, na kila asubuhi kitu cha kwanza ninachoshika ni simu, hata kabla ya kutawadha. Baba ananiambia mwenye imani hana wasiwasi. Sasa je, mimi sina imani?"

Nilimjibu haraka haraka kwa kuwa nilikuwa na mgonjwa wa kumtazama, na jibu la haraka mara nyingi ni jibu bovu. Basi leo naandika karatasi hii kwa ajili yake na wenzake, kwa ajili ya wazazi wao, na kama mtakavyoona huko mbele, kwa ajili yangu mimi mwenyewe.

Kwanza tusiidharau hofu yao. Sisi wazee tunasahau. Kila aliyefika mwaka wa sita hapa kwetu anaujua mtihani wa Leta, ulioanza 1967. Mtoto wa Kalemie anafanya mtihani uleule anaofanya mtoto wa Kinshasa, ingawa vitabu vya mmoja si vitabu vya mwingine, na anatakiwa apate asilimia 50. Siku matokeo yanapoingia kwenye simu, mji mzima unajua. Waliofaulu wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, wanazunguka mitaani wakiimba, na mama zao nyuma yao wanapiga vigelegele. Asiye na poda siku ile anajifungia chumbani, na hata akienda kuteka maji anapita njia ya nyuma.

Lakini poda inaoshwa kwa maji ya ziwa siku moja tu, na kesho yake inaanza hofu ya pili. Diploma ni ruhusa ya kubisha hodi. Kuingia ni habari nyingine. Tuna Chuo Kikuu chetu hapa Kalemie, kilichozaliwa kama tawi la Lubumbashi. Ipo Lubumbashi yenyewe, na safari yake ya treni ambayo mwenye haraka asiipande. Fakulte zinazokimbiliwa na wengi, kama udaktari na uinjinia, huwa zinataka asilimia ya juu au zinaweka mtihani wao wenyewe. Iko Mbale, nchini Uganda, ambako Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa 1988. Halafu iko Madina.

Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilianzishwa 1961, na tangu mwanzo kilikusudiwa hasa wanafunzi wanaotoka nje ya Saudia. Anayekubaliwa analipiwa masomo, chumba na tikiti ya ndege, tena anapewa posho. Asiyejua Kiarabu anafundishwa lugha kwanza. Kwa mtoto ambaye baba yake anatafuta minervali ya shule kwa kuuza ndagala, mnajua maana yake. Lakini hilo hilo wanalijua vijana wa Dakar, wa Zanzibar, wa Jakarta na wa Sarajevo, na wote wanatuma dosie zao. Anayetaka kuingia licence asiwe amepita miaka 25. Kwa hiyo kijana anangoja huku anahesabu siku zake za kuzaliwa kama mtu anayehesabu akiba inayopungua.

Wazee wetu hawakuwa na hofu hii, kwa sababu hawakuwa hata na mlango wa kugonga. Zama za Mbelgiji shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misheni. Baba wa Kiislamu, awe Kasongo au hapa mjini ambapo wakati huo paliitwa Albertville, alikuwa na njia mbili: ampeleke mtoto na kuhofia kwamba atarudi na jina jingine, au abaki naye katika chuo cha Qur'ani. Wengi walibaki nao. Shule za serikali zisizo za misheni kwa watoto wa Kikongo zilianza kufunguliwa 1954 tu, na nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Nayasema haya kwa kijana wangu asiyelala, ajue kwamba kukosa usingizi kwa sababu ya barua ya chuo ni shida ambayo babu yake angeitamani.

Najua, neno hilo halimpi usingizi. Tuje kwenye swali lake.

Je, wasiwasi ni upungufu wa imani? Mimi nasema hapana, na ushahidi ni Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe. Anas bin Malik, aliyemtumikia nyumbani, amesimulia katika Bukhari kwamba alikuwa akimsikia mara nyingi akiomba kinga kwa Allah dhidi ya mambo kadhaa, na mawili ya mwanzo ni *hamm* na *hazan*. Wanavyuoni wamefafanua kwamba *hamm* ni dhiki ya moyo kwa jambo linalokuja, na *hazan* ni huzuni kwa jambo lililopita. Mtu haombi kinga dhidi ya kitu kisichoweza kumfika. Kama wasiwasi ungekuwa ukafiri mdogo, tungefundishwa kuutubia. Tumefundishwa kuuombea kinga, kama tunavyoiombea kinga homa. Kwa hiyo, baba yake kijana, kwa heshima zote, hapo umemzidishia mtoto mzigo. Alikuwa na hofu moja, ya chuo. Sasa anazo mbili, ya chuo na ya Moto.

Mtazameni Nabii Yaqub (a.s.) katika Suratu Yusuf. Wanawe wanakwenda Misri kutafuta chakula wakati wa njaa. Anawaagiza wasiingie kwa mlango mmoja, bali waingie kwa milango tofauti. Halafu papo hapo anakiri kwamba agizo lake haliwezi kuzuia chochote mbele ya hukumu ya Allah, na kwamba tegemeo lake ni Kwake peke Yake. Na Qur'ani inatueleza kuwa lile lilikuwa ni haja tu iliyokuwamo nafsini mwa Yaqub, naye ameitimiza. Allah hakumlaumu. Hakumwambia: wewe Nabii, wasiwasi wa nini? Alimsifu kwa elimu. Huyu ni baba ambaye ana hofu na wanawe, anafanya hesabu ya milango, na ana tawakkul kamili, vyote katika kifua kimoja.

Hapo kuna jibu kwa kundi jingine la vijana wetu, ambalo kwa kweli linanisumbua kuliko wasiolala. Ni wale wanaolala sana. Yuko kijana alituma Madina mara moja, akakaa. Mwaka wa kwanza anangoja, wa pili anangoja, wa tatu anangoja. Hapa Kalemie hakujiandikisha, ufundi hakujifunza, Qur'ani aliyoihifadhi imeanza kumtoka. Ukimwuliza, anakwambia amemwachia Allah. Nilimwuliza kama alikwisha kupeleka cheti cha mwenendo kutoka polisi. Akasema bado. Basi hukumwachia Allah, ndugu yangu, umemwachia karani! Hadithi ya Tirmidhi mnaijua nyote, ya yule bwana aliyeuliza kuhusu ngamia wake, akaamrishwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Mwenye dosie afunge dosie: biletini za miaka yote, diploma, paspoti ambayo tarehe yake haijapita, tafsiri iliyopigwa muhuri. Kisha aingie kwa milango tofauti. Aombe Madina, na aombe Mbale, na ajiandikishe hapa. Aliyeanza mwaka wa kwanza Kalemie kisha barua ikaja hajapoteza kitu. Aliyekaa barazani na barua isije amepoteza miaka ambayo hakuna chuo kitakachomrudishia.

Na wale wanaowaambia watoto wenu kwamba wana mkono Saudia, na kwa dola mia mbili jina litapita, waambieni kuomba Madina ni bure. Mtoaji rushwa na mpokeaji wote wawili wamelaaniwa kwa ulimi wa Mtume (s.a.w.). Hilo sina haja ya kulirefusha.

Niseme neno kuhusu istikhara, maana vijana wanaifanya kama radio: wanaswali, wanalala, wanangoja ndoto iwasomee matokeo. Jabir bin Abdullah amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwafundisha istikhara kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani. Ndani ya dua ile hamna ahadi ya ndoto. Muna ombi kwamba jambo likiwa la heri liwezeshwe, likiwa la shari liepushwe, na heri ipangwe popote ilipo, kisha moyo uridhike nayo. Ombi la mwisho, la kuridhika, ndilo gumu. Mtu anaweza kuomba istikhara usiku na asubuhi akamkasirikia Allah kwa sababu ameijibu.

Hapa lakini nataka tuwe waangalifu. Kijana akikataliwa, watu humjia haraka na maneno ya heri: usijali, huenda Allah amekuepusha na balaa. Maneno ni ya kweli, asili yake iko katika Suratul Baqara, aya ya 216. Lakini yanasemwa vibaya. Mnakumbuka Khartoum. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilikuwa tegemeo la vijana wengi wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, na aliyekubaliwa pale tulimpongeza. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vikaanza ndani ya mji ule ule. Wanafunzi wa Tanzania walitolewa kwa mabasi hadi Ethiopia ndipo wakarudishwa kwao. Nikasikia mtu hapa akisema juu ya kijana aliyekuwa amekosa nafasi kule: mnaona, Allah alimpenda. Nikajiuliza, na yule aliyeipata nafasi, akakimbia mabomu na kuacha vitabu vyake chumbani, je, yeye hakupendwa? Na ndugu zetu wa Goma na Bukavu, ambao vita viliwakuta mlangoni kwao Januari na Februari 2025, wao walifanya nini? Heri iliyofichika ni siri ya Allah. Hatuna ruhusa ya kuifungua na kumsomea mtu kama barua. Aliyekataliwa kaa naye, kula naye, mwache ahuzunike siku zake. Akianza kusema "lau ningefanya hivi, lau ningefanya vile", hapo mshike mkono, kwa kuwa katika Sahih Muslim tumeonywa kwamba "lau" hiyo humfungulia shetani kazi.

Na sasa nije kwenye jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa karatasi hii.

Anayeomba vyuo hivi anatakiwa kuleta tazkiya, yaani barua ya watu wanaomjua, wakishuhudia mwenendo wake na elimu yake. Barua hizo tunaandika sisi, wazee wa msikiti. Ni ushahidi. Na Abu Bakra (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa akitaja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliketi wima, akalirudia neno hilo mpaka wakatamani anyamaze. Yasimuliwa pia kwamba mtu mmoja alikuja kumshuhudia mwenzake mbele ya Sayyidna Umar (r.a.). Umar akamwuliza: ni jirani yako? Hapana. Umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Hapana. Umesafiri naye? Hapana. Umar akamwambia kuwa pengine amemwona tu msikitini akiinua na kuinamisha kichwa, basi aende zake, hamjui mtu huyo.

Mwaka 2005 vijana wawili walitaka kwenda chuo kimoja cha Uarabuni. Wakati ule maombi yalikwenda kwa karatasi, mkononi mwa msafiri anayevuka ziwa kwenda Kigoma. Niliwaandikia wote wawili. Mmoja alikuwa amehifadhi juzuu kumi na tano, na niliandika kumi na tano. Wa pili alikuwa amehifadhi sita. Baba yake ni rafiki yangu, tulifanya kazi pamoja, tulikula pamoja katika miaka ambayo hakuna aliyekuwa na chakula. Alikuja nyumbani usiku. Hakuleta fedha, wala hakusema mengi. Niliandika kwamba kijana amehifadhi Qur'ani nzima. Nikajiambia atazimalizia huko huko.

Yule wa pili alikubaliwa. Wa kwanza hakujibiwa.

Sijui kama ni barua yangu iliyofanya hivyo. Dosie ina karatasi nyingi, na huko waliko wana hesabu zao. Aliyekwenda alisoma kweli, alirudi na elimu, na leo anafundisha watoto wa watu vizuri kuliko mimi. Mara ngapi nimejifariji kwa hilo! Nimejiambia: riziki yake ilikuwa imeandikwa, mimi nilikuwa kalamu tu. Lakini yasimuliwa kisa cha Sayyidna Ali (r.a.), kwamba alimwachia mtu nyumbu wake nje ya msikiti, na alipotoka, mkononi ana dirhamu mbili za kumpa, alikuta mtu ameondoka na hatamu. Hatamu ikapatikana sokoni, imeuzwa dirhamu mbili. Riziki ya yule mtu ilikuwa ile ile. Yeye ndiye aliyechagua kuipokea kwa wizi. Na juu ya hapo, hatamu ile ilikuwa ya Ali peke yake, lakini nafasi ya chuo inahesabiwa. Ukimwongezea mmoja juzuu ishirini na nne, hujamdanganya karani wa ng'ambo tu. Umempunguzia mwingine ambaye hayuko chumbani kujitetea. Wema wa aliyekwenda haukuifanya barua yangu kuwa ya kweli, kama vile kukaa barazani kwa aliyebaki hakukufanya juzuu zake kumi na tano ziwe sita.

Dhambi ya haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Nilijua hilo miaka yote, na miaka yote nilipita njia nyingine nikimwona. Mwezi wa Shaabani uliopita nilikwenda. Nilimkuta ufukweni, anaanika ndagala na mke wake. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana sikuona kama ninastahili kukaribishwa kiti. Aliendelea kugeuza ndagala. Nilidhani hatanijibu. Kisha akasema: "Maalimu, mimi nilijua. Yule mwenyewe aliniambia kabla hajasafiri. Alilia." Akanyamaza tena. "Mimi nilikuwa nangoja uje wewe."

Nilimwomba anisamehe. Alisema ameshasamehe, lakini ana haja moja. Mtoto wake wa kiume amemaliza mwaka wa sita na amepata diploma, na dada yake anafuata mwakani, naye anataka udaktari. (Wazazi wanaoniletea dosie za wavulana peke yao wasikie hapo.) Akaniambia: "Ukimwandikia, andika alichohifadhi. Kama ni juzuu tatu, andika tatu."

Kijana huyo ndiye aliyenishika mkono mlangoni Ijumaa ile. Kabla ya kumwandikia nilimketisha kama Umar alivyofundisha, nikamsikiliza kwa siku nne baada ya Alfajiri. Ni juzuu saba na nusu. Barua yake imesema saba na nusu, na imekwenda, naye mpaka leo hajajibiwa. Wakati huo huo amejiandikisha hapa Kalemie, na bado anaamka na simu mkononi. Nimemwambia atawadhe kwanza, simu haitakimbia.

Wengine wenye dosie waje chumba cha nyuma cha msikiti kila Jumamosi baada ya Alasiri. Kila mmoja aje na biletini zake na mzazi wake, na aje tayari kusoma. Tutasikiliza juzuu moja baada ya nyingine, wazee watatu pamoja, wala si mimi peke yangu, na kitakachosikika ndicho kitakachoandikwa.

Wabillahi tawfiq.